Sihiri Inapovuruga Mchezo: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu ni wa anayebuni kanuni za sihiri kwa mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao watu wanne watano wanakaa na karatasi, penseli na dadu, mmoja akiwa msimamizi na kila mmoja wa waliobaki akiwa na mhusika wake. Umepangwa kwa meza ya Dar es Salaam: kikao cha Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na kwa kuwa mmoja anatoka Mbagala na mwingine Tegeta, foleni hula nusu saa ya mwanzo. Hesabu zote ni za dadu mbili za pande 6, zile za ludo, pamoja na pakiti moja ya karata na visoda vya drafti. Anayefanya sihiri tumemwita mnuizaji, na tendo lake moja tumeliita nuizo, wingi manuizo. Kwa nini hatukumwita mchawi, tutafika huko. Kisoda kimoja ni kipimo kimoja cha nguvu zake.

Kabla ya kufuta au kupunguza chochote, tazama gharama. Nuizo linalolalamikiwa mara nyingi halina kosa lenyewe. Ama halimgharimu mnuizaji kitu, ama gharama ipo lakini imefichwa kwenye karatasi yake ambapo hakuna mwingine anayeiona.

Mnuizaji mmoja anamaliza kila kikwazo

Hii ndiyo dalili inayosikika kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Msimamizi anachukia, anapunguza nguvu ya nuizo lililomuudhi, na kikao kinachofuata mnuizaji anatumia jingine kwa matokeo yaleyale.

Pima kwanza. Andika vikwazo vya kikao kizima kadiri vinavyotokea: mlinzi wa geti, mto uliofurika, mzee asiyetaka kusema, mapigano. Mbele ya kila kimoja andika mhusika aliyekimaliza. Wachezaji wanne wakikutana na vikwazo 8, wastani ni 2 kwa kila mmoja. Mnuizaji akimaliza 3, hapana neno. Akimaliza 5 au zaidi kwa vikao viwili mfululizo, kuna hitilafu. Pitia hivyo vitano na ujiulize kila kimoja kilimgharimu nini. Majibu huangukia mahali patatu.

Pa kwanza ni kupumzika. Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, ulimtaka mwenye sihiri akariri maneno yake kabla ya safari, na kila neno likishatumika linafutika kichwani mpaka akariri upya. Kanuni hiyo iliufaa mchezo wa kushuka mapangoni, ambamo hatari hufuatana bila mtu kupata nafasi ya kulala. Ukiihamishia kwenye kisa cha mjini, ambamo siku nzima ina ugomvi mmoja, mnuizaji anamwaga akiba yote asubuhi, analala, anaamka amejaa. Kikomo bado kimeandikwa kitabuni, ila hakimpati tena. Ukisikia "tulale kwanza" mara mbili ndani ya kikao kimoja, ugonjwa ni huu.

Dawa ni kutenganisha usingizi na nguvu. Njia ya mkato: visoda 6 kwa kila mnuizaji mwanzo wa kikao, na havirudi mpaka kikao kingine. Njia yenye ladha zaidi, kwa dunia ya pwani, ni kufuata maji. Bahari yetu hujaa mara mbili katika muda wa siku moja na kitu, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita kama saa 12 na dakika 25. Chora mstari wa miraba 6 katikati ya meza, weka komwe kwenye mraba wa kwanza, uisogeze mraba mmoja kila tukio linapokwisha. Ikifika mraba wa sita, maji yamejaa: kama ni bamvua kila mnuizaji anapata visoda 4, kama ni maji mafu anapata 2. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na tena karibu na mwezi mpevu, kwa hiyo hali hugeuka kila baada ya wiki moja hivi, na msimamizi anaweza kuipanga kwenye kalenda ya kisa. Komwe ile wanaiona wote. Mwenye panga anajua ni lini amkinge mwenzake, na maadui nao wanajua ni lini washambulie.

Pa pili ni nuizo linalofanya kazi ya mhusika mwingine kwa uhakika kuliko yeye. Mtaalamu wa kufuli anarusha dadu na anaweza kushindwa. Nuizo la Fungua halishindwi. Hapo mchezaji mmoja amenyang'anywa sababu ya kuja. Usilifute nuizo hilo, lipe kasoro inayosikika: kufuli linafunguka, lakini na kila kufuli jingine la nyumba ile linafunguka kwa mlio mmoja. Kazi ya kimya inabaki kwa mwenyewe. Pitia manuizo yote namna hii, moja moja, na pembeni ya kila moja andika ni mhusika gani anaguswa na kwa lipi bado atakuwa bora: ukimya, kasi, au kutoacha alama.

Pa tatu ni gharama isiyoonekana. Mnuizaji anafuta namba ya nguvu zake, tuseme 14, kwenye kona ya karatasi yake, anaandika 11. Wenzake hawakuona kitu. Walichoona ni muujiza wa bure, zamu baada ya zamu. Ondoa namba hiyo. Weka visoda mbele yake, na kila anaponuiza avisukume katikati ya meza kwa mkono wake mwenyewe. Viwango vya kuanzia: nuizo dogo kisoda 1, la kati 2, kubwa 4, akiba 6. Hakuna nguvu iliyopungua, na bado manung'uniko hupoa, kwa sababu mwenye rungu sasa anaona mwenzake amebakiwa na kimoja na anajipanga naye.

Ukishatengeneza hayo matatu na mnuizaji bado anamaliza vikwazo 5 kati ya 8, hapo ndipo punguza nguvu ya nuizo.

Hakuna anayenuiza

Visoda vinaanza sita na vinaisha sita. Wachezaji hawaogopi sihiri, wamepiga hesabu. Tuseme nuizo la visoda 2 linahitaji jumla ya 9 au zaidi kwenye dadu mbili. Njia za kupata 9 na kuendelea ni 10 kati ya 36, asilimia 28 hivi. Kama visoda vinapotea hata ukishindwa, kufanikiwa mara moja kunakugharimu wastani wa visoda 7.2, nawe unavyo 6. Kanuni inamwambia mchezaji asiguse, naye ametii.

Ukishusha hadi 7, nafasi ni 21 kati ya 36, asilimia 58, na mafanikio moja yanagharimu visoda 3.4. Ni nafuu, lakini bado zamu nne kati ya kumi zinapotea bure, na mchezaji aliyesubiri dakika nane kuifikia zamu yake anarudi kusubiri tena mikono mitupu. Marekebisho yanayofaa zaidi ni haya: nuizo lifanye kazi kila mara, na dadu ziamue bei. Jumla ya 6 au chini, bei inakuwa maradufu. Jumla ya 7 hadi 9, bei ya kawaida. Jumla ya 10 au zaidi, nusu ya bei. Nafasi zake ni 15, 15 na 6 kati ya 36, na wastani wa bei ya nuizo la visoda 2 unakuwa 2.67. Mnuizaji mwenye visoda 6 ana hakika ya kunuiza walau mara moja, mara nyingi mbili, na bado kila mrusho una wasiwasi wake. Bei ikizidi alivyonavyo, upungufu unakuwa deni: vipande vya karatasi mbele ya msimamizi, kila kimoja kikimruhusu amtatize mnuizaji huyo mara moja, wakati wowote.

Chanzo kingine cha kubana ni gharama isiyorudi, kama kupoteza mwaka wa umri au jina la mama kila unaponuiza. Ni nzuri kwenye hadithi. Kwenye mfululizo wa vikao kumi humfanya mchezaji afunge mkono. Iache kwa manuizo mawili au matatu makubwa kabisa.

Zamu ya mnuizaji haiishi

Shika saa. Mnuizaji akitumia dakika 6, wenzake watatu dakika moja na nusu kila mmoja, msimamizi dakika 2, mzunguko mmoja ni dakika 12 na nusu. Mapigano ya mizunguko 5 yamekula saa nzima. Lengo ni sekunde 90 kwa zamu.

Orodha ndefu ndiyo mkosaji. Mpe mnuizaji manuizo 6 mkononi kwa kikao, hata kama anayajua 20. Yaliyobaki hubadilishwa maji yakijaa. Kila moja liwe kwenye kadi yake. Karatasi ya A4 ya manila ukiikunja mara tatu na kuikata hutoa kadi 8 zinazokaa kiganjani, na stesheneri yoyote itakutolea kopi. Kadi iwe na mistari sita kwa mpangilio usiobadilika: jina, gharama, wakati wa kutumia, mlengwa na umbali, kinachotokea, kinaisha lini. Maneno yasizidi 40. Usitegemee rangi kutofautisha aina za manuizo, kwa sababu umeme ukikatika na mkaendelea kwa tochi ya simu, nyekundu na kahawia hufanana. Feni ikiwa inapeperusha, komwe moja juu ya kila kadi yatosha.

Kama kadi ziko sawa na zamu bado ndefu, tafuta hesabu iliyojificha: nuizo linalotaka dadu sita zijumlishwe, kisha zigawanywe, kisha zitolewe kinga. Badili liwe namba moja isiyobadilika.

Kila kadi inazua ubishi

Hapa ndipo wabunifu wengi wa Kiswahili hujikwaa, na si kwa sababu kanuni zao ni mbaya. Lugha yetu ina mitego yake, na kanuni iliyofikiriwa kwa lugha nyingine kisha ikaandikwa kwa Kiswahili haiioni.

Soma kadi hii, ambayo uhai ni alama za afya ya mhusika: "Mnuizaji akimgusa mtu, atapoteza uhai 3." Nani anapoteza? Kiambishi *a-* kinamfaa mnuizaji na kinamfaa aliyeguswa. Msimamizi ataisoma hivi, mwenye kadi vile, na wote wawili wako sahihi kisarufi. Usitegemee kiambishi kubeba maana kwenye kadi. Taja: "Mnuizaji akimgusa mlengwa, mlengwa anapoteza uhai 3." Inarudia neno, haipendezi masikioni, na haibishiwi.

Saa ni mtego wa pili. "Linadumu hadi saa mbili" na "linadumu kwa saa mbili" ni vitu viwili tofauti, na mtu anayesoma haraka akiwa na joto hatatofautisha. Pima muda kwa matukio au kwa mizunguko: "mpaka tukio hili liishe". Nyuma yake kuna mtego wa tatu, "mara moja kwa siku". Siku inaanza lini? Kwa hesabu ya Waswahili, jua likizama siku nyingine imeingia. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mchezaji makini atanuiza muda mfupi kabla ya magharibi na atanuiza tena baada ya magharibi, akidai ni siku mbili. Ana hoja. Amua mwenyewe na uandike: "mara moja kati ya magharibi na magharibi."

Kisha kuna maneno yanayoelea: karibu, kitu, adui. Chukua nuizo la Ziba. Toleo la kwanza lilisomeka: "Huziba tundu lolote lililo karibu." Ndani ya dakika tano mtu atataka kuziba mdomo wa bomba la maji la mtaa mzima, pua ya mlinzi, na mtutu wa bunduki. Toleo lililotengenezwa: "Tundu moja la kitu kisicho hai, lisilozidi upana wa sinia, ndani ya chumba ulichomo, linazibika kwa ugumu wa ubao wa mninga mpaka tukio liishe." Sinia na mninga vinafanya kazi kuliko sentimita, maana hakuna mtu mezani anayehitaji kuuliza vina ukubwa gani. Kwa umbali, tumia hatua nne tu katika mchezo wote: mkono, chumba, mtaa, mbali. Adui mfafanue mara moja mwanzo wa kanuni: "yeyote anayekutakia shari wakati unanuiza". Hapo mgeni aliyekuja kwa amani hawezi kuunguzwa kwa bahati mbaya, na msaliti aliyejificha anaweza kufichuka, jambo ambalo msimamizi anapaswa kuwa tayari nalo.

Ajali zimechosha

Ajali ya sihiri hunogesha ikitokea mara moja kwa kikao. Hesabu marudio kabla ya kuandika kanuni. Meza ikinuiza mara 24 kwa kikao na ajali ikaja kwa dadu mbili zote kuonyesha 1, yaani nafasi 1 kati ya 36, uwezekano wa kupata walau ajali moja ni karibu asilimia 49. Nusu ya vikao vitapita salama, na hiyo ni afya. Ajali ikiwa kwa 1 ya dadu ya pande 20, uwezekano unapanda hadi asilimia 71. Ikiwa kwa 1 ya dadu moja ya pande 6, utapata wastani wa ajali 4 kila kikao, na kufikia ya tatu hakuna anayetetemeka.

Orodha ya ajali nayo huchakaa. Orodha ya ajali 6 ikiguswa mara 4 kwa kikao, ina uwezekano wa asilimia 72 kwamba ajali moja itajirudia kikao hichohicho. Tumia karata badala yake. Aina inasema pigo linaangukia wapi: shupaza ni mwili wa mnuizaji, kopa ni mtu anayempenda, uru ni mali, pau ni mahali alipo. Namba ni uzito, na karata 12 za picha ni ajali zinazobadilisha kisa. Karata ikishatoka, inawekwa pembeni mpaka pakiti iishe. Hakuna kujirudia, na kila aliyezitazama anajua shupaza ngapi zimebaki.

Manuizo mawili yakikutana, mchezo unavunjika

Manuizo 12 yana jozi 66. Ukizipitia kwa dakika mbili kila moja ni saa mbili na dakika 12, na inafaa kufanywa mara moja kabla ya kuchapa kadi. Kama huna muda huo, kagua kwanza yale yanayogusa vitu vitatu: visoda, idadi ya zamu, na marudio.

Mfano wa karibu. Rejea, kisoda 1: "rudia athari ya nuizo ulilotumia mwisho." Vuta Pumzi, kisoda 1: "pata visoda 2." Mnuizaji anatumia Vuta Pumzi, kisha Rejea. Kila Rejea inatoa kimoja na kuleta viwili, na hakuna kinachomzuia kuendelea hadi jioni. Kila kadi ilipita jaribio ikiwa peke yake. Viraka viwili vinaziba karibu mianya yote ya namna hii: nuizo linaloleta visoda haliwezi kurudiwa wala kunakiliwa, na bei ya nuizo lolote haishuki chini ya 1. Kiraka cha tatu kinahusu manuizo yanayoendelea, kama kutoonekana au kupaa: mnuizaji anashikilia moja tu kwa wakati. Akianza la pili, la kwanza linakatika.

Inafanya kazi lakini haina ladha

Hesabu zote ziko sawa, hakuna anayelalamika, na bado nuizo linasikika kama bunduki yenye jina jingine. "Natumia Moto, kisoda 1, uhai 3." Mbunifu hukimbilia kuandika maelezo marefu ya cheche na moshi, ambayo wachezaji huyaruka. Ladha hutoka kwenye kanuni yenyewe, pale mchezaji anapolazimika kufikiri kama mnuizaji ili atumie alichonacho.

Ars Magica, mchezo wa mwaka 1987 wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, uliifikia hatua hiyo kwa kuunganisha vitenzi 5 na nomino 10 za Kilatini, jozi 50 zinazomruhusu mchezaji kutunga sihiri papo hapo. Sisi hatuna haja ya kuazima Kilatini. Vitenzi vya Kiswahili vinanyambulika, na mnyambuliko wake ni mfumo wa sihiri uliokwisha kamilika.

Mpe mnuizaji vitenzi 4 tu, tuseme *funga, tega, ziba, kunja*, kila kimoja kikiwa na bei ya kisoda 1. Kauli ya kutendea inaelekeza tendo kwa mtu, na inaongeza 1: *fungia* adui ndani ya chumba, *tegea* wakimbizaji njia. Kauli ya kutendana inawafunga wawili kwa hali moja, na inaongeza 1: waliofungana, mmoja akiumia na mwenzake anaumia. Kauli ya kutendesha inamfanya mtu atende kwa mikono yake mwenyewe, na inaongeza 3: *fungisha*, na mlinzi anafunga geti alilotumwa kuliacha wazi. Halafu kuna kutendua. *Fungua, tegua, zibua, kunjua*: bei yake ni sawa na bei iliyolipwa na aliyetenda, kisoda kwa kisoda. Tego lililotegwa kwa visoda 4 linateguliwa kwa 4, na mnuizaji mwenye 3 atakaa nje ya mlango huo mpaka maji yajae.

Angalia kinachotokea mezani. Mchezaji haulizi tena "nina nuizo gani?" Anakaa na *kunja*, anaipima: kunja umbali? kunja mkeka? kunjia nani? Lugha anayoitumia tangu utotoni imekuwa chombo chake. Na ubishi unapungua, kwa kuwa kila mtu mezani anajua *zibua* ni nini. Onyo moja la kiufundi: si kila kitenzi kina kinyume cha *-ua*, na vingine hubadilika maana. *Choma* haitoi *chomua*, na *chomoa* ni kinyume cha kuchomeka. Chagua vitenzi vyako kwa kamusi mkononi, na mnyambuliko usiozoeleka ukataze waziwazi kwenye kanuni.

Kwa nini watu wa kisa bado wananunua maji?

Mchezaji atauliza, na atakuwa na haki. Kama nuizo la kisoda 1 linatoa lita 20 za maji safi, mnuizaji mwenye visoda 6 anajaza madumu sita kwa siku. Familia moja imepona. Mtaa haujapona, na maboza yanaendelea kuja. Hiyo ni dunia inayoaminika. Ukiandika lita 2,000 kwa kisoda, umefuta biashara ya maji ya mji mzima na lazima ueleze wauza maji wamekwenda wapi. Fanya hesabu hiyo kwa maji, chakula, tiba na usafiri. Manne hayo yakikaa sawa, mengine watu hawayahoji.

Meza inanyamaza

Kanuni ziko safi, lakini mchezaji mmoja ameacha kuongea tangu neno "mchawi" litajwe. Usimlazimishe wala usimtanie. Kwetu uchawi si hadithi ya mbali. Kuna Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyoanzia 1928. Wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa tu, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mchezaji huyo anaweza kuwa na ndugu miongoni mwao.

Ndiyo maana mwongozo huu unasema mnuizaji. Jina lisilobeba tuhuma linaondoa sehemu kubwa ya uzito. Mengine ni ya lazima: viungo vya mwili wa binadamu visiwe dawa wala gharama, hata kwa adui mbaya wa kisa, kusiwe na kanuni ya kumtambua mchawi kwa macho, umri au sura, na aya, dua, kombe au hirizi za dini za watu zisiwe kadi za mchezo. Kabla ya kikao cha kwanza kila mmoja aandike kwenye kikaratasi kisicho na jina jambo asilotaka lije mezani, msimamizi akusanye, asome, na aondoe bila kujadili. Kazi hiyo inachukua dakika tano.

Kujaribu marekebisho

Badilisha kitu kimoja kwa kikao. Ukibadili bei, idadi ya visoda na orodha ya ajali kwa pamoja, mchezo ukitengemaa hutajua kilichosaidia, ukiharibika hutajua cha kurudisha. Andika tarehe nyuma ya kila kadi mpya, na ile ya zamani iweke kwenye bahasha. Mara nyingi toleo la pili hushindwa na la kwanza.

Vikao vitatu vinatosha kuhukumu badiliko moja. Katika kila kimoja andika mambo matatu: vikwazo alivyomaliza mnuizaji, visoda vilivyobaki jioni, na zamu iliyokuwa ndefu kuliko zote kwa dakika. Manung'uniko yakiisha lakini visoda vinabaki vinne au vitano kila jioni, hujatibu; wachezaji wameiacha tu ile kadi. Rudi kwenye sehemu ya "Hakuna anayenuiza" na uanze na hesabu ya bei.